Ndoo Niliyoikata Kwenye Video

Wasee, wiki hii sina vichekesho. Kuna kitu nilifanya mwaka jana na hakijaniacha, kwa hivyo wacha nikiseme hapa hapa penye nilikifanyia.

Kama umenifuata kwa muda, unakumbuka ile video ya dada yangu na shemeji kule Cyprus. Sekunde 41 tu. Bahari ya buluu, maua ya zambarau yamepanda ukutani, bwawa la kuogelea, na dada anapunga mkono akisema, "Chamgei watu wa Soin!" Mimi nikaandika juu yake: "Kutoka Soin hadi kisiwa cha Mediterania. Maisha ya wapenzi wawili majuu." Watu laki moja na themanini waliitazama. Sijawahi kupata hiyo namba tena.

Kitu hamkuona ni ndoo. Kwenye video yenyewe, vile dada alivyonitumia, upande wa kushoto kuna ndoo ya kudeki, mopu imesimama ndani, na glavu za mpira za manjano zimewekwa kwa ukingo. Nilikata huo upande. Nilijiambia ni kwa sababu picha haikukaa vizuri kwa simu. Uongo. Nilikata kwa sababu na ndoo ile haikuwa video ya majuu, ilikuwa video ya mtu ako kazini.

Hiyo nyumba si yao. Dada huisafisha.

Kwa wale hawajui kwetu: Soin ni upande wa chini wa Kericho. Jina lenyewe kwa Kipsigis ni nchi ya joto, ya bondeni. Watu wakisikia Kericho wanafikiria majani ya chai na mvua ya mawe. Sisi tuko chini, kwa miwa na mahindi, tukipakana na Kisumu. Ukishuka Kipsitet saa nane mchana jasho linakutafuta lenyewe. Ukipanda matatu ya kwenda Kericho mjini, ukikaribia Kapsoit unaanza kuuliza sweta yako iko wapi. Nasema haya mjue kwamba kutoka Soin mpaka kwa majani chai ni kama saa moja, lakini hata hiyo ni safari ya kwenda kwa watu wengine. Sembuse Cyprus.

Sasa, kisiwa chenyewe. Kuna vitu nilipaswa kuwaambia kwa hizo sekunde 41.

Cyprus imegawanyika tangu 1974. Kusini ni Jamhuri ya Cyprus, iko Umoja wa Ulaya tangu 2004, inatumia yuro. Kaskazini walijitangazia nchi yao 1983, na ni Uturuki pekee inayoitambua. Kenya haiitambui, kwa hivyo hakuna ubalozi wetu pale. Huko wanatumia lira ya Uturuki. Ndege haziendi moja kwa moja kutoka kila mahali, zinapitia Uturuki hadi uwanja wa Ercan. Dada na shemeji wako kaskazini, mji unaitwa Girne, Waingereza wanauita Kyrenia. Wakati wakala anakuambia "Cyprus iko Ulaya," muulize, upande gani? Ukishukia kaskazini hujafika Ulaya ile unayofikiria. Na kule kusini wanaihesabu Ercan kuwa mlango haramu wa kuingilia kisiwa, kwa hivyo usidhani utavuka tu mpaka ukatafute kazi ya yuro.

Dada alienda Septemba 2021 kama mwanafunzi. Shemeji akafuata mwaka uliofuata, pia kama mwanafunzi, kwa sababu hiyo ndiyo njia iliyokuwa rahisi. Wakala alimwambia dada amepata ufadhili wa asilimia 50, tukasherehekea, mathe akachinja kuku wawili. Alipofika darasani akagundua karibu kila mtu amepewa huo ufadhili wa asilimia 50. Yaani hiyo nusu ndiyo bei.

Siku yao iko hivi. Dada anaamka saa kumi na moja. Anapanda dolmuş, ambayo ni matatu kabisa, ni vile tu haina muziki wala makanga wa kukuvuta mkono. Anasafisha nyumba za wageni, hasa Jumamosi, siku wageni wa wiki hii wanatoka na wa wiki ijayo wanaingia. Shuka, vyoo, bwawa, friji. Jioni ana darasa. Shemeji anapeleka chakula kwa pikipiki mpaka usiku wa manane, na joto la mwezi wa saba linaweza kupita digrii 40. Wakati wa baridi nyumba zina sakafu ya vigae na unyevu, wanalala na soksi mbili. Wanaonana vizuri Jumapili. Ile video ilichukuliwa Jumamosi, dakika kumi kabla wageni wafike.

Halafu kuna hesabu ya pesa, na hapa nataka mtulie kidogo. Kaskazini mwa Cyprus nyumba nyingi hupangishwa kwa pauni ya Uingereza. Karo inalipwa kwa yuro. Mshahara unalipwa kwa lira. Dada alipofika, pauni moja ilikuwa karibu lira 12. Miaka mitatu baadaye ilikuwa imepita lira 40. Sasa chukua chumba cha pauni 300. Mwanzo hiyo ilikuwa kama lira 3,600. Baadaye, chumba kile kile, dirisha lile lile, zaidi ya lira 12,000. Mshahara nao huongezwa, siwezi kudanganya, lakini mshahara unapanda ngazi huku kodi ikipanda lifti.

Na hawezi kuacha masomo apumue, kwa sababu kibali chake cha kukaa kimefungwa kwa masomo. Akikosa karo, kibali kinaisha, na kila siku anayokaa bila kibali inahesabiwa faini. Kwa kifupi, dada yangu analipa karo ili apate ruhusa ya kudeki.

Sasa kwa nini naongea haya leo? Kwa sababu ya bahasha.

Mwezi wa pili, mama mmoja wa kijiji chetu alikuja nyumbani jioni. Aliketi, akapewa chai, akauliza habari za kila mtu mpaka habari zikaisha. Halafu akatoa bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na hati ya shamba, ekari mbili na nusu za miwa. Akaniangalia mimi, si mathe, mimi. "Kijana wangu, nionyeshe tena ile video ya dada yako."

Nikamwonyesha. Akaitazama mara tatu. Mtoto wake amemaliza fomu four, amekaa tu nyumbani, na wakala amemwambia ako na ufadhili. Wa asilimia ngapi? Hamsini. Mama anataka kukodisha lile shamba kwa miaka sita apate pesa ya kumpeleka. Alikuja kuniuliza kama miaka sita itatosha ama auze kabisa.

Manze, nilihisi tumbo limegeuka. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina haki ya kumshauri mtu kuhusu masomo. Lakini nimejua kitu kimoja kuhusu wazazi wetu. Hawatoi shamba kwa sababu ya hesabu. Wanatoa kwa sababu ya picha. Na hiyo picha nilikuwa nimeitengeneza mimi, kwa simu yangu, nikiwa nimelala kitandani.

Nikampigia dada pale pale, kwa video. Wako nyuma yetu saa moja tu wakati huo wa mwaka, alikuwa anatoka kazini. Nikamwambia, "Dada, mama hapa anataka kujua ukweli." Akamwamkua vizuri, akamuuliza hali ya magoti yake, halafu akasema kwa Kipsigis, polepole, "Mama, video ni yangu lakini nyumba si yangu. Mimi ndiye huisafisha. Kama mtoto wako anakuja kufanya kazi, ajue anakuja kufanya kazi. Kama anakuja kusoma, ajue atasoma akiwa amechoka. Lakini usiuze mchanga kwa sababu ya bwawa la mtu."

Mama alinyamaza muda mrefu. Akarudisha hati kwenye bahasha, akamaliza chai yake, akaenda. Mtoto wake hajaniongelesha tangu hiyo siku. Anasema nilimfungia njia. Na wacha niseme ukweli, sina la kumjibu. Miwa hapa unakata leo, pesa unaingojea mpaka unasahau. Akiniuliza "basi nikae hapa nifanye nini?" mimi nina nini cha kumwambia? Kwa hivyo sitakuja hapa kuwaambia msiende. Ni rahisi kumwambia mtu akae wakati wewe ndiye unapata watazamaji kwa kuonyesha walioenda.

Usiku huo nilimuuliza dada kwa nini hakuwahi kulalamika kuhusu ile ndoo. Nilikuwa nimejitayarisha kuomba msamaha, kumwambia najua alikuwa anaona haya. Akacheka. "Mimi nione haya na ndoo? Hiyo ndoo ndiyo imeweka mabati kwa nyumba ya Gogo. Wewe ndiye uliona haya. Mimi nilikutumia na ndoo yangu yote."

Hapo nilikosa maneno, na mnajua mimi hukosa maneno mara ngapi.

Na Gogo naye alikuwa ameshaniambia, ni vile tu sikusikia. Mwaka jana nilipomwonyesha ile video ambayo haijakatwa, sikuwa nimemaliza kueleza habari ya bahari. Aliweka kidole chake kwa kioo cha simu, upande wa kushoto, akauliza, "Hii ndoo ni ya nani?" Nikamwambia ni ya kazi. Akasema, "Nilijua. Bwawa haliwezi kuwa safi hivyo lenyewe."

Gogo anajua kwa sababu ameshafanya hiyo kazi. Miaka ya sitini alikuwa msichana wa kazi kwa nyumba ya meneja mmoja wa chai, huko juu. Mume na mke, chumbek, wametoka Uingereza kwa mkataba. Nyumba kubwa, bustani ya waridi, jikoni iko nyuma peke yake. Yeye alikuwa wa kufua na kupiga pasi. Anakumbuka kwamba kila Jumapili mchana memsahib alikuwa anakaa kwa veranda akiandika barua za kupeleka kwao. Karatasi nyingi. Gogo hajui kusoma Kiingereza, lakini anasema alikuwa anajiuliza kila wiki, huyu mama anaandika nini? "Nadhani aliandika maua," akaniambia. "Na mvua ya mawe. Mimi sidhani aliniandika."

Nimefikiria hiyo stori sana. Ile barua ndiyo ilikuwa video ya wakati huo. Na miaka sitini baadaye, mjukuu wake anasafisha nyumba ya mume na mke Waingereza waliostaafu, karibu na Girne, na mimi, mjukuu mwingine, nikachukua kazi ya memsahib. Nikaandika maua. Sikuandika dada.

Watu kama hao wastaafu wana jina. Wanajiita ekspati. Mitandao imejaa video zao: maisha ya ekspati kwenye kisiwa, kahawa asubuhi, soko la malimau, paka kwa ukuta. Dada anawapenda wale wake, anasema ni watu wazuri, humpa nguo za baridi, na yule mama hunywa chai ya maziwa kama sisi. Siku moja alimuuliza dada kwao ni wapi, dada akasema Kericho, mama akaenda kabatini akatoa pakiti ya majani chai, akasoma mgongo wake, ikawa imeandikwa Kenya. Wakacheka wote wawili. Sina vita nao.

Vita vyangu ni na neno. Wale wameishi pale miaka 18 na wanajua Kituruki cha kuagiza samaki. Dada ameishi miaka michache na anabishana na fundi wa bomba kwa Kituruki mpaka fundi anapunguza bei. Wote wametoka kwao wakatafuta maisha mazuri kisiwani. Wote wawili ni mume na mke. Lakini mmoja ni ekspati na mwingine ni mhamiaji, na ukiangalia vizuri tofauti si umbali waliosafiri. Tofauti ni nani amekaa kwa veranda na nani ameshika ndoo.

Sisi wa Kericho tungepaswa kuwa wa kwanza kuona hii. Kampuni kubwa za chai zilifika kwetu miaka ya ishirini. Ardhi ya Wakipsigis ilichukuliwa, na mwaka 1934 ukoo mzima wa Talai ukahamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, kando ya ziwa. Wale waliokuja waliitwa masetla na maekspati. Waliohamishwa waliitwa wasumbufu. Na hiyo Cyprus pia ilikuwa chini ya Mwingereza, kuanzia 1878 mpaka 1960. Ndiyo maana wanaendesha magari upande wa kushoto kama sisi. Dada alipofika, chaja yake aliyonunua Kericho mjini iliingia ukutani bila adapta. Alinipigia akifurahia kama amepata ndugu. Bwana mmoja alitupitia wote wawili, akaacha soketi za aina moja.

Haya. Maneno matupu hayatamsaidia mtu aliye na bahasha. Kama wewe au mtu wako anafikiria Cyprus, au kisiwa kingine chochote, haya ndiyo maswali dada yangu alinipa, na ameniomba niyaweke yote.

Ni upande gani wa kisiwa, na ndege inatua uwanja upi? Karo ni pesa ya nchi gani, kodi ni ya nchi gani, na mshahara utakuwa wa nchi gani? Kama ni pesa tatu tofauti, fanya hesabu ukitumia siku mbaya. Nani atakuandikia kibali cha kazi, au unaambiwa tu "kazi ziko"? Ukikosa karo muhula mmoja, nini kinatokea kwa kibali chako? Ukipatwa na shida, ubalozi wa Kenya ulio karibu uko wapi, na unaweza kufika? Wakala analipwa na nani, wewe au chuo? Na la mwisho, ambalo mimi ninaliweka juu ya yote: mwambie mtu wako aliye huko akutumie video ya Jumanne. Usikubali ya Jumapili.

Akikutumia ya Jumanne na bado unataka kwenda, nenda, na Mungu akutangulie. Dada yangu hajuti. Nilimuuliza. Anasema anatembea usiku bila kuogopa, jirani yake bibi wa Kicyprus humwachia malimau mlangoni, na siku moja moja yeye na shemeji hununua samaki wakakaa kwa mawe kando ya maji bila kuongea, na hiyo ni yao, hakuna mtu amewapa. Anapika ugali wa semolina na analia kidogo akikumbuka mursik. Hayo ndiyo maisha yao. Si ya kuonea wivu, si ya kuonea huruma. Ni kazi, na katikati ya kazi kuna ndoa.

Nimefuta ile video. Najua wengine mtasema ningeacha, namba zilikuwa tamu. Leo nimeweka ile nyingine, nzima, na ndoo yake upande wa kushoto. Dada ameiona tayari. Shemeji pia. Mpaka saa hii imeangaliwa na watu mia tatu na kitu, na mmoja wao ni Gogo, ambaye amesema sasa picha imekaa sawa.

Kwa wale wenzangu mnaotengeneza video za ndugu zenu walio nje: hebu rudini kwa simu zenu muangalie kile mlichokata. Halafu mniambie ni nini.